Ni nani anayeiamsha kompyuta?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo lililo dogo kwa umbo na fupi kwa muda, lakini uzito wake si haba. Nazungumzia ile sekunde moja au mbili zinazopita baina ya kidole kubonyeza kitufe cha kompyuta na kioo kuanza kuonyesha maandishi. Wengi wetu katika muda huo huvuta kiti au hupuliza chai. Hatujiulizi mle ndani kuna nini. Kumbe katika muda huo kuna anayesema neno la kwanza, na yote yatakayosemwa baadaye ndani ya mashine hiyo, yawe hesabu za benki, orodha ya wagonjwa wa hospitali au barua ya posa, yatasemwa baada ya yeye kufungua mlango.

Huyo mfungua mlango ni nani? Nani alimwajiri? Na siku akigoma, nani ana haki ya kumuuliza sababu? Hayo ndiyo maswali yangu ya leo, na ili tuyajibu itatubidi turudi nyuma miaka arobaini na ushei.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Prosesa, yaani ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, huamka kila siku kama mtoto mchanga. Haijui kama kuna kioo, haijui kama kuna kibodi, wala haijui kuwa ina kumbukumbu. Inajua jambo moja tu: kwenda kwenye anwani moja maalumu iliyowekwa na waliyoitengeneza, na kutii amri itakayoikuta hapo. Amri hiyo imo ndani ya chipu nyingine ndogo iliyobandikwa kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi wetu wa mitaani huuita mazabodi. Maandishi yaliyomo ndani ya chipu hiyo ndiyo mfungua mlango wetu. Yeye ndiye anayeiamsha kumbukumbu, anayehesabu vifaa vilivyopo, anayetafuta diski, na mwisho kuikabidhi mashine kwa mfumo mkuu, uwe Windows au Linux, kisha yeye akajitenga.

Jina lake la kale ni BIOS, nasi tuiite bayosi. Jina hilo lilitokana na Mmarekani Gary Kildall, aliyetunga mfumo wa kompyuta ulioitwa CP/M katika miaka ya 1970. Kildall aliona kwamba kila kiwanda kina mashine yake yenye tabia zake, na kuandika programu upya kwa kila mashine ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Basi akaitenga ile sehemu ndogo inayozijua tabia za mashine, ili sehemu kubwa iliyobaki isiguswe. Ulikuwa uamuzi wa busara sana. Lakini uamuzi huo ulizaa kitu kipya: sehemu ndogo ambayo anayeishika ameishika mashine nzima.

Tarehe 12 Agosti, 1981, kampuni ya IBM ilitangaza mjini New York kompyuta yake ya mezani. Karibu kila kitu ndani yake kilikuwa cha kununuliwa madukani: prosesa ilitoka Intel, mfumo mkuu ulitoka Microsoft. Kilichokuwa cha IBM peke yake hasa kilikuwa ni bayosi, maandishi ya kilobaiti 8 tu. Na tazameni ajabu: IBM haikuyaficha. Iliyachapisha yote, mstari kwa mstari, katika kitabu chake cha mafundi. Mtu yeyote aliweza kukinunua akasoma. Ila hakuruhusiwa kunakili, kwa kuwa sheria ya hakimiliki iliyalinda.

Ndipo ukaja mchezo ambao wanasheria wa Marekani wanausimulia hadi leo. Mwaka 1982 watu watatu waliotoka kampuni ya Texas Instruments, yaani Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, walianzisha kampuni ya Compaq mjini Houston. Walitaka kutengeneza mashine inayofanya yote yafanywayo na ile ya IBM. Wangenakili bayosi, wangeshtakiwa. Basi wakagawa mafundi wao makundi mawili. Kundi la kwanza lilisoma na kupima, likaandika kwa maneno ya kawaida bayosi hiyo inafanya nini ikiulizwa hili na lile. Kundi la pili, la watu wasiopata kuyaona maandishi ya IBM, lilipokea maelezo hayo likatunga bayosi mpya kutoka kichwani mwao. Ni kama kumweleza mpishi ladha ya pilau ya jirani bila ya kumwonyesha jiko, naye akapika ikatoka ladha ile ile. Katika mwaka wake wa kwanza wa mauzo, 1983, Compaq iliuza mashine za dola milioni 111.

Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix Technologies ilifanya kazi ya namna hiyo hiyo, lakini ikaingia biashara tofauti: yenyewe haikuuza kompyuta, iliuza bayosi kwa yeyote mwenye kiwanda. Zikafuata nyingine, kama vile American Megatrends na Award. Hapo ndipo kompyuta za bei nafuu zilipofumka duniani kama uyoga baada ya mvua, na hatimaye kutufikia na sisi huku.

Lakini sikilizeni lililopotea njiani. IBM ilikuwa imefunga kwa sheria, lakini iliacha dirisha wazi mtu asome. Hawa waliofuata walifunga vyote viwili. Kwa miaka kumi na mitano hivi, maandishi ya kwanza yanayosomwa na kila kompyuta duniani yakawa mali ya kampuni chache, na mnunuzi aliyelipa fedha zake zote hakuwa na haki hata ya kuchungulia.

Mwaka 1999 mambo mawili yalitokea, nami nayaweka pamoja kwa makusudi. La kwanza ni la tarehe 26 Aprili. Kirusi kilichoitwa CIH, kilichotungwa na kijana wa Taiwan, Chen Ing-hau, kiliamka siku hiyo ndani ya kompyuta nyingi, hasa za Asia. Kirusi hicho hakikutosheka na kufuta diski. Kilijaribu pia kufuta ile chipu ya bayosi. Pale kilipofaulu, mashine haikuwaka tena. Haikuonyesha hata kosa. Ilikaa kimya kama jiwe, kwa sababu aliyepaswa kulitamka kosa ndiye aliyeuawa. Siku hiyo watu wengi walijua kwa mara ya kwanza kwamba kuna mfungua mlango, kwa kuwa hakuja kazini.

Jambo la pili lilitokea Los Alamos, katika jimbo la New Mexico. Hilo ni jina lenye kivuli. Ndiko lilikobuniwa bomu la atomiki katika Vita vya Pili vya Dunia, na sehemu kubwa ya urani ya mpango ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la Wakongo ambao hawakuambiwa inakwenda wapi. Tuliache hilo, lina siku yake. Ninachotaka kusema ni kwamba maabara hiyo daima imekuwa na njaa ya kupiga hesabu kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wake walianza kuunganisha kompyuta za kawaida, mamia kwa mamia, zifanye kazi kama moja. Ilikuwa rahisi kuliko kununua mashine moja kubwa ya fahari.

Tatizo lao halikuwa hesabu. Tatizo lao lilikuwa kibodi! Bayosi za siku zile zilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeketi mbele ya mashine moja. Seva isiyo na kibodi ikiamka, bayosi ilitoa lawama kwamba kibodi haionekani, kisha ikaagiza ibonyezwe F1 ili kazi iendelee. Ibonyezwe kwenye nini, ikiwa kibodi haipo? Kwa mashine moja hicho ni kichekesho. Kwa mashine mia tano zilizopangwa kwenye makabati, ni fundi kusukuma kitoroli chenye kioo na kibodi toka kabati hili hadi lile, akichomeka, akibonyeza, akichomoa, siku nzima. Na akitaka kubadili mpangilio mmoja tu wa bayosi katika mashine zote, anaanza safari upya.

Mtaalamu mmoja wa maabara hiyo, Ron Minnich, aliuliza swali ambalo huulizwa na mtu aliyechoka: kwa nini tunamwomba ruhusa huyu bawabu, wakati Linux yenyewe ina uwezo wa kuvitambua vifaa karibu vyote bila msaada wake? Kwa nini tusimwondoe, tukaiweka Linux ndani ya chipu ile ile? Katika majira ya baridi ya mwaka huo wa 1999 yeye na wenzake wakaanza kazi waliyoiita LinuxBIOS. Ubao wao wa kwanza ulikuwa wa seva, aina ya L440GX+ iliyotengenezwa na Intel. Na maandishi yao waliyaacha wazi, mtu yeyote ayasome, ayarekebishe, ayagawe.

Swali lilikuwa jepesi. Jibu lilikuwa na miiba. Kwanza, Linux haikuenea katika chipu ndogo za siku zile. Pili, na hili ndilo kubwa, Linux huhitaji kumbukumbu iliyo tayari, na kumbukumbu haiko tayari hadi aje mtu wa kuiamsha. Kuiamsha kumbukumbu si kazi ya kuwasha swichi. Kila kipande cha kumbukumbu kina kichipu kidogo kinachotaja ukubwa wake na kasi yake. Lazima kisomwe, halafu ubao upangiwe muda wa kusubiri kwa vipimo vya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa kila kipande. Ukikosea kidogo, mashine haiwaki. Au mbaya zaidi, inawaka, inafanya kazi saa tatu, kisha inaharibu hesabu bila kumwambia mtu. Na vitabu vinavyoeleza namna ya kupanga muda huo, viwanda vingi viliviweka kabatini. Kampuni ya SiS ya Taiwan ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuwafungulia kabati hilo.

Sasa, ndugu wasikilizaji, nifikirieni hali ya fundi anayejaribu kazi hiyo. Ameandika bayosi yake mwenyewe, ameitia ndani ya chipu, amebonyeza kitufe. Feni zinazunguka. Kioo ni cheusi. Hapo afanyeje? Hana ujumbe wa kosa, kwani kioo huwaka baadaye sana. Hana diski ya kuandika kumbukumbu za matukio. Ni sawa na daktari aliyeletewa mgonjwa asiyesema, asiyeonyesha kwa kidole, wala kukunja uso.

Mafundi hawa walikuwa na mbinu, nami nimezipenda kwa sababu zinafaa hata nje ya kompyuta. Ya kwanza ni kuacha alama njiani. Katika kompyuta za jamii hii kuna mlango mmoja wa ndani, namba 80 kwa hesabu yao, ambao zamani uliachiwa kazi hiyo. Programu ikipita hatua fulani, inatupa namba hapo. Kikadi kidogo cha bei rahisi kilichochomekwa kwenye ubao kinaionyesha kwa tarakimu mbili. Mashine ikikwama, namba ya mwisho inabaki iking'aa. Haikuambii ugonjwa ni nini, lakini inakuambia mgonjwa alikuwa hai mpaka wapi. Hiyo tayari ni nusu ya tiba.

Ya pili ni waya wa siriali. Ule mlango wa kale wenye pini tisa, ambao kwenye kompyuta za nyumbani umekwisha kutupwa, kwenye seva nyingi bado upo, na sababu si ushamba. Ni mlango usiohitaji mambo mengi: fundi anaunganisha mashine mzima na mashine mgonjwa kwa waya mmoja, anapanga kasi, kwa kawaida biti 115,200 kwa sekunde, halafu mgonjwa anaanza kunong'ona mstari baada ya mstari: nimeamka, nimeona prosesa ya kwanza, nimeona ya pili, nasoma kipande cha kumbukumbu cha tatu... kisha kimya. Fundi anajua pa kwenda.

Ya tatu ni kupunguza. Toa vipande vyote vya kumbukumbu, bakisha kimoja, katika tundu lile lililoelekezwa na kitabu. Toa prosesa ya pili. Toa kadi zote. Mashine ikiwaka, rudisha kimoja kimoja, kimoja kwa siku ikibidi, mpaka umpate mkorofi. Na usibadili mambo mawili kwa pamoja, maana ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Na ya nne, iliyo ya kwanza kwa umuhimu: kabla ya kugusa chochote, nakili yaliyomo ndani ya chipu ya zamani, uyaweke mahali salama, na uwe na chipu ya akiba. Siku hizi kuna kibano kinachoshika miguu ya chipu, na programu huria iitwayo flashrom inayosoma na kuandika. Mwenye nakala anarudi alikotoka. Asiye na nakala ana ubao wa kuwekea vyungu.

Akili za watu hawa zilifika mbali. Mwenzao Eric Biederman, wa kampuni ya Linux NetworX, alitunga chombo kilichoitwa romcc, cha kutafsiri programu ili iweze kukimbia bila kumbukumbu hata chembe, kwa kutumia vile vijumba vichache tu vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe. Ni kama kupika karamu bila sufuria, kila kitu umekishika kiganjani. Baadaye ikapatikana njia nyingine, ya kuishawishi hazina ndogo ya ndani ya prosesa ijifanye kumbukumbu kwa muda mfupi, mpaka ile ya kweli iamke. Na kwa kuwa Linux haikuenea kwenye chipu, kazi iligawanywa: bayosi yao iamshe vifaa tu, kisha ikabidhi kwa programu nyingine wanayoiita mzigo. Ndiyo maana mwezi Januari 2008 jina la LinuxBIOS liliachwa, ikaitwa coreboot.

Je, kazi hiyo ililipa? Naam. Mwaka 2002 maabara nyingine ya Marekani, ya Lawrence Livermore kule California, ilijengewa na Linux NetworX kundi la seva 1,152 zenye prosesa 2,304, lililoitwa MCR, likiamshwa na LinuxBIOS. Mwezi Juni 2003 kundi hilo lilishika nafasi ya tatu katika orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani. Nafasi ya tatu kwa mashine zilizoamshwa na maandishi ambayo mwanafunzi yeyote angeweza kuyasoma! Wale waliosema kwamba kazi hii ni ya wachezaji walinyamaza kidogo. Baadaye Google nayo iliichukua coreboot, ikaitia katika kompyuta ndogo ziitwazo Chromebook, nyingi sana, na watoto wa shule huzitumia bila kujua.

Ningependa kuishia hapo, tupige makofi twende zetu. Lakini historia haikuishia hapo.

Viwanda vya prosesa navyo vilijifunza. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Intel ilianza kuweka kando ya prosesa zake kompyuta nyingine ndogo, iitwayo Management Engine, yenye programu yake iliyofungwa, inayoamka kabla ya mwenye nyumba. AMD ilifuata na ya kwake katika muongo wa 2010. Ile kazi ngumu ya kuiamsha kumbukumbu ikageuzwa kifurushi kilichofungwa: unakipokea, unakitumia, huulizi. Na katika mashine nyingi ikaja kufuli ya tarakimu: prosesa inakataa kabisa kusoma bayosi isiyo na sahihi ya kiwanda. Kwa hiyo hata fundi hodari mwenye kibano na nakala yake ya akiba anaweza kuambiwa hapana na chuma alichokinunua.

Nisiwe mwonevu. Kufuli hizo hazikuwekwa kwa choyo peke yake. Mwaka 2018 wachunguzi wa kampuni ya ESET walieleza habari ya LoJax, programu ya kijasusi iliyojificha ndani ya chipu ya kuamshia. Ukifuta diski, ipo. Ukinunua diski mpya, ipo. Mlango usio na kufuli ni karibu kwa mwizi, na mimi sikatai kufuli. Ninachouliza ni ufunguo uko kwa nani. Nyumba yangu ina kitasa nami nashukuru. Lakini fundi seremala aliyekitia hakubaki na ufunguo wa pekee, akaniambia nikitaka kutoka nimpigie simu.

Kuna ubao mmoja ambao habari yake inaufupisha mjadala huu wote. Unaitwa KGPE-D16, wa kampuni ya ASUS, ubao wa seva wenye nafasi ya prosesa mbili za AMD Opteron na matundu 16 ya kumbukumbu. Prosesa zake ni za kizazi kilichotangulia ile kompyuta ndogo ya siri. Chipu yake ya bayosi imekaa kwenye tundu, inachomolewa kwa vidole. Mwaka 2015 kampuni ndogo ya Marekani, Raptor Engineering, iliuandikia bayosi huria ya coreboot. Wapenda uhuru wa kompyuta wakaukimbilia, kwa sababu hapa palikuwa na seva yenye nguvu ambayo mwenyewe anaweza kuisoma tangu amri ya kwanza hadi ya mwisho. Haikuwa bila maudhi. Ubao huo ulijulikana kwa kuchagua vipande vya kumbukumbu kama bibi harusi anavyochagua khanga: hiki unakubali, kile cha kiwanda kingine unakataa, na fundi akarudi kwenye waya wake wa siriali.

Halafu miaka ikapita. Watunzaji wa coreboot waliendelea kuisafisha na kuibadili, na kila ubao ulitakiwa uende na mabadiliko hayo. Kwa KGPE-D16 hakutokea mtu wa kufanya kazi hiyo kwa wakati. Basi baada ya toleo la 4.11 la Novemba 2019, ubao ule mpendwa ukaondolewa katika shina kuu la programu. Hakuna aliyeufungia. Hakuna wakili aliyeandika barua. Maandishi yake yote yalikuwa wazi, na bado yako wazi katika tawi la zamani. Kilichokosekana ni mikono. Baadaye kampuni ya 3mdeb ya mjini Gdańsk, Poland, iliiokota kazi hiyo ikaanza kuifufua, na maandishi waliyoyakuta yalikuwa ndiyo msingi wao.

Hilo ndilo ninalotaka tulichukue leo, na lina pande mbili. Upande wa kwanza: kitu kilicho wazi kinaweza kufa kwa kukosa mlezi, kama kisima cha kijiji ambacho kila mtu ana haki ya kuteka na hakuna mwenye zamu ya kukisafisha. Uhuru wa kusoma haumlazimishi mtu asome. Upande wa pili: kitu kilicho wazi kikifa, kinaweza kufufuliwa na mtu wa mbali ambaye hata hamjuani. Kilichofungwa, mwenyewe akikiacha, kimekwisha.

Wakazi wa miji yetu jambo hili linatuhusu kuliko linavyomhusu mtu wa California. Seva nyingi zinazofanya kazi katika ofisi zetu, vyuo vyetu na vituo vyetu vya redio zimekuja hapa baada ya kustaafu kwingine. Kule zilikotoka, kiwanda kimekwisha kuzisahau. Siku ufa ukionekana katika programu yake ya kuamsha, kiwanda kitasema mashine hiyo ni ya zamani, nunua nyingine. Nasi tuna mafundi, nimewaona, wenye vidole vyepesi na macho makali, wanaobadilisha kapasita na kuchomelea miguu ya chipu chini ya taa ya mezani. Mkono wanao. Wanachokosa ni maandishi. Tunawafanya wawe watu wa kubahatisha katika kazi ambayo wengine wanaifanya kwa kusoma.

Basi kwa maoni yangu, ofisi inayotangaza zabuni ya seva iulize maswali matatu mbali na bei. Maelezo ya ubao huu yanapatikana? Programu yake ya kuamsha inaweza kubadilishwa na sisi wenyewe, na kwa ufunguo wa nani? Kiwanda kitaitunza kwa miaka mingapi? Na vyuo vyetu vya ufundi visimalizie somo la kompyuta kwenye kupanga barua na majedwali. Ubao mmoja mkongwe, kikadi kimoja cha tarakimu mbili na waya mmoja wa siriali vinatosha kumfundisha kijana kwamba mashine haina uchawi, ina hatua, na kila hatua iliandikwa na mtu. Akishalijua hilo, hatamwogopa bawabu tena.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema tusishirikiane na ndugu; watu wa Los Alamos, wa Taiwan, wa Ujerumani na wa Poland wamefika walipofika kwa kushirikiana. Walisema tusikae mlangoni tukisubiri afungue yeye.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo saa kama hii. Kwaherini.